Idara Mbili, Mwanafunzi Mmoja: Mafunzo Niliyopata Nikisomea Ualimu wa Kifaransa

Mtu akisikia umesoma "Kifaransa na Elimu" hudhani ni kozi moja yenye jina refu. Ni kozi mbili zilizofungwa kwenye cheti kimoja. Shahada za aina hii zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zipo Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Nairobi, na kwingine pia, na mpangilio haupishani sana: lugha unaisomea kwa watu wa lugha, ualimu unausomea kwa watu wa ualimu. Chuoni kwetu nilikuwa nikitoka kwenye kipindi cha fonetiki, darasa la watu wachache tunaojuana kwa majina, navuka kampasi na jua la saa saba, naingia kwenye ukumbi wa saikolojia ya elimu uliofurika wenzangu wa Historia, Jiografia na Hisabati mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi. Huku naulizwa irabu za puani zinatamkwaje. Kule naulizwa mtoto anajifunzaje.

Sasa nafundisha Kifaransa na Kiswahili katika sekondari moja mkoani Kigoma. Vijana wanaomaliza kidato cha sita na tahasusi ya KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, hunipigia simu kuuliza kama wafuate njia hii. Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Utaunganisha mwenyewe

Watu wa elimu walinipa vitu vizuri. Walinipa Piaget na hatua zake za ukuaji wa akili. Walinipa Vygotsky na lile eneo la mambo ambayo mtoto hayawezi peke yake ila anayaweza akishikwa mkono. Walinipa ngazi za Bloom za mwaka 1956, ambazo vitenzi vyake vimejaa kwenye maandalio ya masomo ya nchi nzima: kutaja, kueleza, kuchambua, kutathmini. Watu wa lugha nao walinipa sintaksia, fasihi, tafsiri na historia ya Ufaransa. Lakini kati ya Vygotsky na kitenzi être pana uwanja mtupu, na wa kuuvuka ni wewe. Kozi ya mbinu za kufundishia Kifaransa ipo, na inasaidia, ila ni moja tu kati ya kozi nyingi.

Nilichofanya ni kuweka daftari la tatu. La kwanza lilikuwa la Kifaransa, la pili la Elimu. La tatu nililigawa katikati: upande wa kushoto naandika kitu kilichonisumbua mimi katika Kifaransa juma lile, upande wa kulia naandika nadharia gani ya ufundishaji inaweza kukieleza. Kurasa nyingi upande wa kulia zilibaki wazi, na sijali. Daftari lile ndilo nililokwenda nalo tipii, yaani mafunzo ya kufundisha kwa vitendo, na ndilo ninalolifungua mpaka leo. Vitini vya kozi zote mbili viko kwenye boksi juu ya kabati.

2. Mdomo kabla ya kalamu

Kiswahili kina irabu tano. Kifaransa kina zaidi ya kumi, ukizihesabu na zile za puani. Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanzia, wala si kwenye kunyambua vitenzi. Mwanafunzi wetu amelelewa kwenye lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, na kila silabi yake hupenda kuishia na irabu. Mpe avec, atakupa "aveki". Mpe bon, atakupa "boni". Mpe tu na tout, atayatamka sawasawa, halafu atashangaa unamrudisha kwa lipi.

Kwa ile u nyembamba ya tu na rue, maelezo ya kitabu cha fonetiki hayamfikii mtoto wa miaka 14. Mimi humwambia hivi: sema "i", usiiachie, sasa bana midomo kama unataka kupiga mluzi, ulimi usiuondoe ulipo. Darasa litacheka. Liache licheke, maana katika kicheko hicho wengine wameshaipata. Irabu za puani nazo tunazianzia kwenye ng' ya ng'ombe, kwa sababu sauti hiyo imeshawafundisha hewa kupita puani. Tukifika hapo nawaambia waanze kuelekea kwenye ng' ile kisha wasiifikie, waishie kwenye irabu. Si sayansi kamili, mwanafonetiki atakunja uso, lakini vin, vent na vont zinaanza kutengana.

Halafu kuna mkazo. Sisi tunaupeleka silabi ya pili kutoka mwisho: kitábu, mwalímu, tumeondóka. Mfaransa anauweka mwisho wa fungu la maneno. Jambo hili dogo ndilo linalomfanya mtoto aliyejua maneno yote asieleweke. Nikiingia darasani husalimiwa kwa ule wimbo wa shule ya msingi, Bonjour Madame ya kuvutwa yenye milima na mabonde, ambayo Mfaransa akiisikia atadhani kwaya inapasha sauti. Wiki za mwanzo kidato cha kwanza hawaandiki sana. Tunazungumza tu. Mwalimu wa taaluma akikagua madaftari anauliza mbona meupe.

3. Sekunde arobaini

Kipindi ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 60, na mwalimu asiseme neno hata moja, kila mmoja angepata sekunde 40 za kuzungumza Kifaransa. Mwalimu akizungumza nusu ya kipindi, na wengi wetu huzungumza zaidi ya hapo, zinabaki 20. Hakuna anayejifunza kuongea lugha kwa sekunde 20.

Hapa ndipo Shule ya Elimu iliponirudishia ada yangu yote. Watu wa lugha walinifundisha Kifaransa sahihi kikoje. Watu wa elimu ndio walionifundisha kugawa darasa wawili wawili, kuwapa kazi inayodai mmoja amuulize mwenzake kitu asichokijua, na kunyamaza. Mmoja ana karatasi yenye bei za bidhaa, mwingine ana orodha ya kununua. Combien coûte le riz? Kwa dakika 10 darasa zima linaongea kwa wakati mmoja, wawili wawili, na zile sekunde zinakuwa dakika. Mwalimu aliye mbele ya darasa hawezi kuwasikia wote. Watakosea, na wengine watateleza kwenye Kiha au Kiswahili ukiwapa kisogo. Bado nafuu ni kubwa.

Bei yake ni kelele. Mkuu wa shule anayepita korido akisikia kelele hudhani mwalimu hayupo. Ni vyema umweleze mapema, na andalio la somo liwe mezani likiwa na hatua zote: utangulizi, maarifa mapya, uimarishaji, tafakuri, hitimisho. Tukiwa chuo tulilidharau jedwali lile. Shuleni ndilo linalonitetea.

4. Kiswahili kiko karibu na Kifaransa kuliko unavyoambiwa

Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote, na ndilo ninalobishania na walimu wenzangu.

Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo mwalimu wa Kifaransa naye huona njia ya kawaida ni kueleza Kifaransa kwa Kiingereza. Mtoto anajifunza lugha asiyoijua kwa lugha anayoijua nusu. Wakati huohuo Kiswahili, ambacho anakimudu vizuri, kinasimamishwa nje ya mlango. Kwa sehemu kubwa ya sarufi ya Kifaransa hasara hiyo haina sababu, kwa maana Kiswahili kingemfikisha kwa hatua chache zaidi.

Chukua mahali pa mtendwa. Kiingereza husema I see him, mtendwa nyuma ya kitenzi. Kiswahili kinasema ninamwona: nafsi, njeo, mtendwa, kisha kitenzi. Kifaransa kinasema je le vois: nafsi, mtendwa, kitenzi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza huandika je vois le muhula mzima. Aliyewekewa ninamwona ubaoni, -m- ikiwa imepakwa chaki ya rangi, haulizi swali la pili. Hata je te donne haimpi shida, kwa sababu ninakupa ameitamka tangu utotoni.

Chukua vivumishi. Gari jekundu, une voiture rouge: jina kwanza, sifa baadaye. Viko vinavyotangulia, petit, grand, beau, bon na jamaa zao, lakini hivyo ni vichache na vinakaririka. Kiingereza kingemfundisha kinyume, halafu ungekaa unamtengua.

Chukua upatanisho. Wanafunzi wakisikia kwamba nomino za Kifaransa zina jinsia, uke na ume, na kwamba kivumishi lazima kifuate, huwa wanatazamana kama wanaonewa. Nawauliza: nani ana ngeli nyingi, sisi au wao? Mtu anayesema "vile viti vyangu viwili vimevunjika" bila kufikiri amefanya upatanisho mara nne katika pumzi moja. Wafaransa wana makundi mawili tu. Wasichana wadogo wameondoka, les petites filles sont parties: kwetu wa-, wa-, wa-, kwao -es, -es, -es. Tofauti iko kwingine, na ndiyo ya kusisitiza: kwetu upatanisho unasikika mwanzoni mwa neno, kwao mara nyingi unaandikwa mwishoni na mdomo unaupita kimya. Kwa hiyo mtoto wetu anaweza kuzungumza vizuri na bado akakosa kwenye imla. Na kwetu ngeli inaonekana kwenye neno lenyewe, ki- ya kiti haijifichi, ilhali chaise haioneshi sura yake. Ndiyo maana sifundishi nomino ya Kifaransa bila le au la yake mbele, na chaki ninazo za rangi mbili. Wakikomaa nawapa dalili za mwisho wa neno: yanayoishia na -tion na -té kwa kawaida ni ya kike, yanayoishia na -age na -ment kwa kawaida ni ya kiume. Kuna yanayokwepa, kama la plage na la page, na watoto hufurahi sana wakiyakamata.

Tipii yangu ya kwanza mtathmini alitoka upande wa elimu na Kifaransa hakukijua. Baada ya kipindi aliniuliza kwa nini nimetumia Kiswahili kufundishia Kifaransa katika shule ya Kiingereza. Nikamwonesha ninamwona na je le vois kwenye daftari. Alikaa akaitazama, akakubali kwa kichwa. Kisha kwenye fomu akaandika nizingatie lugha ya kufundishia, na alama akanipa nzuri. Sina kinyongo naye, fomu ina sehemu yake ya kujazwa.

Siwaambii watu wafundishe Kifaransa kwa kuhutubia kwa Kiswahili. Amri za darasani, salamu, kusifia, kukemea, vyote viwe Kifaransa kuanzia siku ya kwanza. Kiswahili kiitwe pale sarufi inapokaza, kifanye kazi yake dakika mbili, kitoke.

5. Kitabu kikipanda treni ya chini ya ardhi

Vitabu vingi vinavyotungwa Ufaransa vina wahusika wanaokwenda kazini kwa métro, wanaokunywa kahawa barazani na kupanga likizo ya kuteleza kwenye theluji. Usivitupe, mazoezi yake yamepangwa na watu wanaojua kazi. Badilisha mandhari, acha sarufi. Somo gumu la du, de la na des, yale maneno ya kutaja kiasi kisichobainishwa cha kitu, lilinilegea nilipolipeleka soko la Kigoma mjini: du riz, du poisson, de l'huile de palme, des bananes. Migebuka tumeiacha iitwe migebuka. Mtoto anayetumwa mawese kila Jumamosi hahitaji kuelezwa kwa nini hununui mawese yote duniani bali kiasi.

Ila nimegundua kwamba theluji nayo wanaitaka. Ukiiondoa kabisa wanauliza. Wengine walichagua somo kwa ajili hiyo hasa.

6. Kifaransa cha Uvira, cha Bujumbura na cha Paris

Nilipokuwa chuo, Kifaransa kilikuwa kitu cha mbali chenye picha ya mnara. Kigoma ilinibadilisha. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za Reli ya Kati. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Congo, ukifuata ufukwe kwenda kaskazini unafika Bujumbura. Mjini kwetu Burundi na Congo zina ofisi za ubalozi mdogo. Kule Kasulu kuna kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Congo na baadaye ikapokea Warundi wengi, na shule zake zimefuata mitaala ya nchi walizotoka, ambako Kifaransa ni lugha ya darasani. Kinshasa ina watu wengi kuliko Paris. Mwanafunzi wangu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzungumza Kifaransa na mfanyabiashara wa Uvira, Congo, kuliko na mkazi wa Lyon.

Hili lina athari darasani. Tulikuwa kwenye tarakimu. Kitabu kinasema 70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, na 90 ni quatre-vingt-dix, nne mara ishirini na kumi. Binti mmoja akanyosha kidole: bibi yake anasema septante na nonante, je, bibi hajui? Bibi anajua sana. Wabelgiji walisema hivyo na bado wanasema, nao ndio waliotawala Congo, Rwanda na Burundi, kwa hiyo hicho ndicho Kifaransa kilichobaki huko. Nikaandika zote mbili ubaoni. Nikawaambia kwenye mtihani waandike ya kitabu, sokoni waseme ya bibi. Baadhi ya walimu wenzangu wanaona ninawachanganya watoto. Mimi naona nimemrudishia bibi heshima yake, na binti yule tangu siku hiyo hukaa dawati la mbele.

Unaposoma chuo, basi, tafuta Warundi na Wacongo waliopo, maana katika mji wowote mkubwa wa Tanzania wapo: makanisani, sokoni, kwenye bendi, saluni. Lafudhi zao zitakuzoesha masikio. Na usiku, kama huna mtu, una redio. RFI ilianzisha idhaa yake ya Kiswahili mwaka 2010, hapohapo Dar es Salaam, na kwa Kifaransa ina matangazo ya habari kwa lugha nyepesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza. Nilikuwa nikisikiliza habari za siku kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kifaransa chepesi, kisha zile za kawaida. Habari unaijua tayari, kwa hiyo akili yote inakwenda kwenye lugha.

7. Soma riwaya kwa Kiswahili kwanza, usione aibu

Fasihi ndiyo iliyowaangusha wengi wetu, kwa sababu mtu anabeba riwaya ya kurasa 200 na kamusi, ukurasa wa nane anachoka. Lakini Une vie de boy ya Ferdinand Oyono wa Cameroon, iliyotoka mwaka 1956, ipo kwa Kiswahili kwa jina la Boi. Une si longue lettre ya Mariama Bâ wa Senegal, ya mwaka 1979, ipo kama Barua Ndefu Kama Hii. Zitafute, hata nakala zilizochakaa. Ukishamjua Toundi, yule boi mwenyewe, na mabwana zake kwa Kiswahili, Kifaransa cha Oyono kinakuja kukukuta.

Mariama Bâ ana sababu nyingine ya kusomwa na watu wetu: alikuwa mwalimu. Alisomea ualimu Rufisque, akafundisha miaka mingi kabla ya riwaya ile kumpa Tuzo ya Noma mwaka 1980, na msimulizi wake Ramatoulaye naye ni mwalimu. Kurasa anazozungumzia kazi hiyo nimezisoma kwa sauti stafu rumu, wenzangu wa Fizikia wakaniomba kitabu.

8. Tafuta kipimo cha nje

Alama za chuo zinapima unavyoandika kuhusu Kifaransa. Mtihani wa DELF, unaoweza kuufanyia Alliance Française, unapima vitu vinne kwa uzani sawa: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza, kila kimoja kwa alama 25. Kufaulu ni 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 katika kipengele kimoja umeanguka hata kama jumla inatosha. Kwa mtu aliyezoea kujificha kwenye maandishi, sharti hilo ni dawa. Cheti hakina tarehe ya kuisha. Lenga ngazi ya B2 kabla hujamaliza shahada. Ada inauma kwa mwanafunzi wa mkopo, kwa hiyo ianze kuwekwa akiba mapema kuliko simu mpya.

9. Jiandae kwa swali la mzazi

Kifaransa katika shule zetu ni somo la kuchagua. Hesabu haiombi wanafunzi; Kifaransa kinaomba. Wasipokichagua wa kutosha, mkuu wa shule anakitoa kwenye ratiba, na hana ubaya, ana upungufu wa walimu wa kuziba. Hili hawakutufundisha upande wowote wa kampasi, kwamba mwalimu wa somo la kuchagua ni mwalimu na pia ni mtu wa kulitafutia somo lake watu.

Siku ya kikao cha wazazi swali ni lilelile: kitamsaidia nini? Nimeamua kutowaahidi Umoja wa Mataifa. Ahadi hizo ndizo zilizolichosha somo hili. Nawaambia ninayoyajua. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Congo ikaingia 2022, na mwaka 2021 wakuu wa nchi waliridhia Kifaransa, pamoja na Kiswahili, kiwe lugha rasmi ya Jumuiya kando ya Kiingereza. Arusha ilikuwa makao ya mahakama ya kimbari ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, ikifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Leo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko mji huohuo. Waongoza watalii wa Serengeti na Zanzibar wanaojua Kifaransa wana wateja ambao wenzao hawawezi kuwahudumia. Na hapa Kigoma, baba, unauza saruji kwa Warundi kupitia mkalimani unayemlipa.

Hoja ya mwisho ndiyo inayowaamsha. Hizo nyingine wanazisikiliza kwa adabu.

Yupo mzazi mmoja aliyenibana vizuri. Ana ndugu Kigali. Akasema: mwalimu, hata Wanyarwanda wenyewe wamekiacha. Kweli, mwaka 2008 Rwanda iliamua shule zake zihamie Kiingereza, na sikuona faida ya kumficha. Nikamwongezea kwamba Shirika la Kimataifa la Francophonie, lililozaliwa Niamey tarehe 20 Machi 1970, tangu 2019 linaongozwa na Mnyarwanda, Louise Mushikiwabo. Nchi ile imebadilisha lugha ya darasani bila kufunga mlango wa pili. Hakusema nimemshinda, ila fomu ya mwanawe ilirudi na alama ya vema mbele ya Kifaransa.

Tarehe hiyo ya 20 Machi tunaiadhimisha na klabu ya Kifaransa: igizo, nyimbo, mashindano ya imla. Mara nyingi hugongana na majaribio ya katikati ya muhula na tunaomba ukumbi kwa kubembeleza. Lakini watoto wa kidato cha kwanza huja kuchungulia madirishani, na wanaochungulia ndio wanaochagua.

10. Somo la pili lichukuliwe kwa uzito uleule

Ukisomea ualimu wa sanaa kwa kawaida unabeba masomo mawili ya kufundishia. Wenzangu wengi walilichagua la pili kwa kuangalia lipi halina kazi nyingi za kuandika. Shuleni mambo hugeuka: Kifaransa kina vipindi vichache, na mkuu wa shule hawezi kumwacha mwalimu aingie darasani mara chache tu kwa wiki. Utapewa somo lako la pili kwa wingi, na kama hukulisoma sawasawa, wiki yako yote ni ya kuungaunga.

Nilichukua Kiswahili, na kwenye ratiba ya muhula huu kimekula karibu theluthi mbili ya vipindi vyangu. Silalamiki. Kidato cha kwanza nawafundisha ngeli kwa ukali ambao walimu wenzangu wa Kiswahili wanaona umezidi, mpaka kila mtoto aweze kueleza kwa nini ni "kiti kimevunjika" na si "kiti umevunjika". Wao wanadhani nawaandalia mtihani wa Kiswahili.